Pikapu ya kupandikizwa dizeli Malindi: nunua chasisi, injini itafuata

Swali: Shikamoo fundi. Niko Malindi, kazi yangu ni kununua samaki Ngomeni na Mambrui na kuwaleta mjini, na siku nyingine nabeba mahindi kutoka Marafa. Nataka pikapu ya zamani niitie injini ya dizeli. Nimeona tatu. Kuna Land Rover 109 ya Series III, petroli, imelala uani Shella miaka mingi. Kuna Hilux ya 1991 inayovuta kwa magurudumu manne, ilikuwa na dizeli ya 2.4, sasa bloku imepasuka. Na kuna Peugeot 504 pikapu ya petroli, hiyo inatembea. Mtu wa Mombasa ana injini ya 3L, dizeli ya Toyota, na anataka nimlipe wiki hii isije ikachukuliwa. Mwingine ananiambia nisihangaike na 3L, nitie 1KZ, nayo ya Toyota, yenye turbo. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba. Chukua Hilux, kwa sharti kwamba chasisi yake iwe nzima, na hiyo 3L usiilipie wiki hii. Injini hiyo si kitu cha kuadimika. Ikichukuliwa hiyo, nyingine itashuka melini. Kinachoadimika huku pwani ni chasisi isiyoliwa na kutu na yenye logbuku safi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika kupita miaka 8, kwa hiyo pikapu za miaka ya 1980 na 1990 ni hizi hizi zilizokwisha kuwa nchini, na kila msimu wa kusi unazipunguza.

Sababu ya kuanza na Hilux ni undugu. Dizeli ya 2.4 iliyokuwa ndani yake ni 2L, yenye ujazo wa cc 2446. 3L ina cc 2779, na 5L ina cc 2986. Zote tatu ni ukoo mmoja: matundu ya bolti yanayoshika nyumba ya klachi yanalingana, mauntini (vishikizo vya mpira vinavyobeba injini) zinakaa mahali pale pale, na gia boksi uliyo nayo inabaki. Kazi inakuwa ya spana, haiwi ya kukata na kuchomelea. Ukichukua gari lisilo na undugu na injini, kila kitu kinachogusa injini hiyo, kuanzia mauntini, shafti, ekzosi, rejeta hadi kebo ya mafuta, kinageuka kuwa kazi ya kubuni, na kila kilichobuniwa kitakuja kuharibika siku ambayo hakuna duka linalokiuza.

Sasa chasisi yenyewe. Nenda na jeki mbili imara za kusimamishia, tochi, bisibisi ya zamani, nyundo ndogo na futi ya chuma. Nenda mchana, na kabla ya kulala chini kwanza sukuma mchanga na matope kwa brashi, maana ndani ya chasisi ya Hilux mchanga hujaa kupitia matundu ya kutolea maji, ukaziba, ukashika unyevu wa chumvi mwaka mzima. Ndiyo maana kutu yake hutokea ndani kuja nje: kwa macho unaona rangi nzuri, kwa bisibisi unatoboa. Gonga chuma kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa hutoa mlio mfu, mfupi. Palipolia vibaya, chokoa.

Mahali pa kukaa muda mrefu ni patatu. Kwanza, pale chasisi inapopanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, hasa upande wa ndani unaoangalia tangi. Pili, vishikizo vya springi za nyuma, mbele na nyuma. Tatu, upande wa kulia mbele, penye boksi la usukani: kwenye Hilux hizi zenye ekseli nzima mbele, nyufa huanzia kwenye bolti za boksi hilo, zikafunikwa na grisi na vumbi. Mwambie mtu azungushe usukani kushoto na kulia gari likiwa limesimama, nawe uangalie. Chasisi ikipumua pale, yaani ukiona chuma kikiachana na kurudi, kuna ufa.

Tundu dogo katikati ya mbao mbili za chasisi, yaani vile vyuma virefu vya ubavuni, mbali na springi na usukani, fundi mzuri analikata mpaka kwenye chuma kizima na kulitia kiraka. Tundu lililo karibu na kishikizo cha springi au boksi la usukani, achana na gari hilo hata kama bei ni ya kuokota. Na chasisi iliyopakwa lami mpya wiki ya kuuzwa, ichokoe mara mbili.

Pima pia kama imenyooka. Chukua bolti ya mbele ya springi ya kulia hadi bolti ya nyuma ya springi ya kushoto, halafu kinyume chake. Vipimo viwili hivyo vikitofautiana zaidi ya milimita 6 hivi, gari liligongwa au lilibebeshwa likapinda, na matairi utayanunua kila mara.

Kisha itafute namba ya chasisi yenyewe. Kwenye Hilux hupigwa kwenye mbao ya kulia mbele, ndani ya gurudumu. Kwenye Land Rover hupigwa kwenye kishikizo cha springi cha mbele kulia. Zote ni sehemu ambazo kutu hupenda. Namba iliyoliwa ikasomeka nusu ni tatizo kubwa kuliko tundu, kwa sababu siku ya ukaguzi hutaweza kuthibitisha kwamba gari ndilo lile la kwenye logbuku, na namba haichomelewi upya kienyeji bila kutiliwa shaka ya wizi. Isafishe kwa brashi ya waya polepole, uilinganishe herufi kwa herufi.

Logbuku hiyo iangalie kabla ya kutoa hata arubuni. Ikiwa ina jina la marehemu, warithi wote watie mkono kwa njia ya mirathi kwanza. Uhamisho usiokuja kwa njia hiyo utakukwama. Ikiwa ina jina la kampuni iliyofungwa, heri uende zako. Fanya utafutaji wa rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, uone kama kuna mkopo uliosajiliwa juu yake. Logbuku huandika namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta, kwa hiyo ukishabadilisha injini lazima marekebisho yafanywe NTSA. Muuzaji wa injini akupe risiti yenye namba ya injini na nakala ya hati za kuiingiza nchini. Bila hizo una chuma cha kupimia uzito tu, na bima ina sababu nzuri ya kukataa kulipa siku ya ajali.

Kuhusu Land Rover. Bodi yake ni ya aluminiamu, nayo ndiyo inayowadanganya watu: inabaki inang'aa huku chasisi ya chuma chini yake imekuwa kaki. Gari lililolala Shella, mita mia chache kutoka baharini, limekunywa hewa ya chumvi usiku na mchana bila kusafishwa. Angalia chuma cha kukingama cha nyuma kabisa, mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kushika bodi, na ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hasa sehemu za kuwekea miguu. Aluminiamu inapogusana na chuma kwenye chumvi, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Ukiuona unga huo kwenye maungio, jua ni maradhi yaliyokwisha kuenea.

Hata ikiwa nzima, 3L haina undugu nayo. Utahitaji bamba la kuunganisha lililochongwa kwa mashine ya kukereza, na beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi ndani ya krankishafti. Bamba likitoka katikati hata kwa milimita nusu, gari litatembea vizuri kwa muda, kisha beringi ya mbele ya gia boksi italia, klachi itagoma kuachia, na fundi atabadilisha klachi mara tatu bila kuuona ugonjwa. Anayechonga bamba hilo sharti alikague kwa geji ya kupimia yenye mshale, si kwa jicho. Kisha kuna difu, yaani gia zilizo ndani ya ekseli. Land Rover ya aina hii ina uwiano wa 4.7, na gia boksi ya chini huongeza 1.148 hata ikiwa kwenye gia ya barabarani. Kwa matairi ya 7.50-16, injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, unakwenda kilomita 80 na kidogo kwa saa. Dizeli ya 3L haipendi kukaa juu ya hapo siku nzima. Kwa Ngomeni na Mambrui inatosha. Siku ukipata soko Mombasa, barafu itakuwa maji kabla ya Mtwapa.

Mwenye kuipenda Land Rover kwa moyo, na asiyeitegemea kwa riziki ya kila siku, aipe ndugu yake wa damu: dizeli ya 2.5 ya Land Rover yenyewe, au 200Tdi, zote cc 2495. Hizo hufunga kwenye gia boksi ya Series bila bamba.

Peugeot 504 sina mengi ya kusema juu yake. Injini yake ya petroli imelazwa kwa pembe ya digrii 45, na nafasi nzima ya mbele ilipangwa kwa injini iliyolala. Dizeli ya Toyota inasimama wima: boneti haitafunga, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, itataka kukaa mahali pa chuma cha mbele. Ndugu yake ni dizeli ya Peugeot yenyewe ya XD2, cc 2304, ambayo vipuri vyake leo ni vya kuviwinda. Gari hilo linatembea. Mwenye nalo aendelee kulitembeza na petroli yake.

Na juu ya magari yote mawili ya petroli, kuna kazi ambazo muuzaji hakutajii. Dizeli haitengenezi uvutaji wa hewa kwenye manifoldi, kwa hiyo servo ya breki, ile inayoupa mguu nguvu, inabaki bila nguvu mpaka uweke pampu ya vakyumu. Kwa injini za ukoo wa L pampu hiyo iko nyuma ya alteneta, na ina bomba lake la oili la kuingia na la kurudi. Likivuja, injini inamaliza oili barabarani. Tangi la petroli litolewe lioshwe, liwekwe paipu ya pili ya kurudisha dizeli kutoka kwenye pampu. Betri iwe kubwa, ya N70, na kebo nene. Hilux yako iliyokuwa ya dizeli ina vyote hivyo tayari. Hiyo ndiyo faida isiyoonekana kwenye bei.

1KZ iache. Ni injini nzuri mahali pake, ina cc 2982 na turbo, nayo inavuta kuliko 3L. Lakini silinda hedi yake ya aluminiamu hupasuka ikichemka mara moja tu vibaya, na kazi yako ni mchanga wa Marafa kwa gia ya pili, mzigo mgongoni, upepo nyuma yako na hewa haipiti kwenye rejeta. Ile yenye alama ya TE, juu ya hayo, inaendeshwa kwa kompyuta: sensa, soketi na nyaya kibao, kila soketi ikingoja chumvi iingie. 3L, ambayo pampu yake haina kompyuta, inahitaji waya mmoja wa volti 12 kwenye soleno ya kuzimia (swichi ya sumaku inayokata dizeli), basi inanguruma. Ukiwa Ngomeni saa kumi alfajiri, hiyo ndiyo injini unayotaka.

Chasisi ikifaulu, ndipo uende Mombasa kuiona 3L. Usikubali kuambiwa "imetoka Japani, haina shida." Omba ifungwe betri na stata, itolewe plagi za kupasha moto, ipimwe kompresheni kwa geji ya dizeli; geji ya petroli mara nyingi huishia psi 300 na haifai. Injini nzima husoma karibu kilo 32 kwa sentimita mraba, yaani 455 kwa psi. Chini kabisa inayokubalika ni kilo 20, yaani 284, na silinda mbili zisiachane zaidi ya kilo 5. Zote zikisoma 26 ni bora kuliko tatu zenye 31 na moja yenye 22, kwa kuwa hiyo moja inakuambia kuna vali au ringi imekufa.

Fungua mfuniko wa oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Chungulia tundu la hozi ya juu ya maji: kutu nene nyekundu maana yake ilikuwa ikinyweshwa maji matupu. Hakikisha pampu ya dizeli, nozeli, alteneta yenye vakyumu na manifoldi vyote vipo. Injini hununuliwa kwa bei moja, vitu hivyo vikikosekana unavinunua kwa bei ya pili.

Uliza ilitoka kwenye gari gani. Ikitoka kwenye gari la otomatiki, nyuma haina flaiwili, ina bamba jembamba, na mara nyingi haina beringi ile ndogo ya katikati ya krankishafti. Watu huifunga hivyo hivyo, kisha gia haziingii. Flaiwili na bolti zake (za otomatiki ni fupi) pamoja na klachi seti nzima zitoke kwenye injini moja ya gia za mkono. Ikitoka kwenye Hiace, sampu haitapita juu ya ekseli ya mbele ya Hilux yako: hamisha sampu ya 2L yako pamoja na kichujio kinachofyonza oili ndani yake. Ukibadilisha sampu ukaacha kichujio, kinaweza kukaa juu ya oili, na ukipanda kilima presha inakufa.

Injini ikiwa bado iko chini, nje ya gari, badilisha taimingi belti na rola yake, pampu ya maji, themostati, sili ya mbele na ya nyuma ya krankishafti. Ikishaingia, kila kimoja cha hivyo ni kazi ya siku nzima. Belti ya injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ya injini iliyonunuliwa haina historia. Ikikatika pistoni hugonga vali. Soma pia volti zilizoandikwa kwenye plagi za kupashia moto, maana si zote za volti 12: zilinganishwe na relei yako, vinginevyo zitaungua asubuhi ya kwanza.

Rejeta ya 2.4 usiitegemee. Weka ya 2.8, au angalau ichongewe kiini kinene zaidi, na ile kava ya plastiki inayozunguka feni usiitupe kwa kuwa inakuzuia kufikia bolti. Bila hiyo feni inazungusha hewa ile ile ya moto. Maji ya kisima cha karibu na bahari yana chumvi, yatakula rejeta kutoka ndani. Tumia maji ya mvua au yaliyochujwa, yachanganywe na kulanti nusu kwa nusu.

Difu nayo ijue kabla ya kuanza, kwani Hilux za dizeli zilitoka na uwiano tofauti na huenda mtu alikwisha kubadilisha. Inua gurudumu moja la nyuma, lile jingine libaki chini, gia iwe huru, piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti. Zungusha tairi mara mbili kamili, hesabu mizunguko ya shafti: hiyo ndiyo namba. Ekseli ya mbele lazima isome namba ile ile. Zikitofautiana, siku utakapotia gia ya magurudumu manne kwenye barabara kavu utavunja kitu.

Fedha zako zigawe mafungu matatu, na injini ichukue fungu moja tu. Moja la gari na karatasi, moja la injini, moja la vitu vidogo: mauntini mpya, hozi, klachi, rejeta, oili, filta, weldingi, kupeleka na kurudisha. Magari mengi yaliyokufa nusu njia, yaliyojaa nyasi nyuma ya gereji, yana injini ndani. Kilichokosekana ni hilo fungu la tatu.

Ukiwasha mara ya kwanza, hakikisha umefunga kebo ya arthi kutoka kwenye injini hadi kwenye chasisi, na nyingine hadi kwenye bodi, ukiwa umekwangua rangi mpaka chuma cheupe, kisha ukapaka grisi. Ikikosekana, umeme wa stata hutafuta njia ya kurudi kupitia kebo ya gia au ya mafuta na kuichoma ndani kwa ndani. Oili ni karibu lita 6, ya 15W-40.

Na kwa kuwa utabeba samaki: maji ya barafu iliyoyeyuka, yaliyochanganyika na damu na chumvi, hupita kwenye matundu ya kitanda cha pikapu moja kwa moja hadi pale chasisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, mahali pale pale pa kwanza nilipokuambia uchokoe. Tandika turubai zito au trei ya bati lenye mdomo mmoja, ufunge hozi inayomwaga maji nyuma ya bampa, mbali na chuma. Kabla hujatia injini, safisha ndani ya chasisi kwa maji yasiyo na chumvi, yenye nguvu, mpaka mchanga uishe, iache ikauke kabisa siku tatu za jua, kisha nyunyiza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu. Oili chafu ya injini ambayo mafundi wengi hupaka ina asidi, na ikifikia mpira wa breki na wa mauntini huulainisha ukatanuka.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili, weka mpya na filta mpya, kaza tena bolti za mauntini na za flanji za propela shafti, kisha tazama chini ya alteneta kama ile hozi ya oili ya vakyumu imelowa.